Muuza Karanga na Sikukuu ya Mashuka

Sijui nimshike wapi, maana mtu mwenyewe alikuwa hashikiki. Ukimtafuta barazani, yuko uani. Ukifika uani, ameshatokea mlango wa nyuma na sinia lake kichwani, yuko Mtaa wa Kongo anabishana na wapagazi. Hata leo nikijaribu kumkumbuka ametulia, picha haiji. Naona kisogo tu, na shati lililoloa mgongoni. Wakubwa walimwita Muuza Karanga, sisi watoto tulimwita Bwana Karanga, na aliyemuuliza jina la nyumbani kwao aliulizwa yeye anataka karanga za chumvi au zisizo na chumvi.

Alipanga chumba katika nyumba ya bibi yangu, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na sisi tulikaa vyumba viwili vya mbele: Bibi, baba, mama, mimi na mdogo wangu Shabani. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, karibu na uani, na sidhani kama kitanda chake kilimjua vizuri.

Karanga alizikaanga mwenyewe asubuhi, ndani ya mchanga, akizigeuza kwa mwiko huku akibadilisha miguu, kulia, kushoto, mpaka Bibi akamwambia siku moja, "We bwana, tulia, unanitia kizunguzungu!" Akajibu, "Nikitulia mimi, karanga zinaungua." Hakuna aliyeelewa uhusiano wake, lakini karanga zake kweli hazikuungua.

Sasa, karanga lazima zifungwe, na karatasi lazima itoke mahali. Yeye alinunua karatasi kuukuu kwa Baniani mmoja wa Uhindini, ambaye naye alizizoa kwenye minada ya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Humo mlikuwa na kila takataka: magazeti, madaftari ya shule, vitabu vya hesabu, na mara mojamoja vitabu vya watoto vyenye picha za rangi. Vya hesabu alivichana palepale dukani. Vya picha alivileta nyumbani vizima, amevificha ndani ya shati, kwa kuwa alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko sheria zote za Serikali: picha haiendi sokoni kabla watoto hawajaiona.

Na katika picha zote, alizopenda ni za kutisha. Zamani, kabla ya karanga, alikuwa dobi wa Wamarekani waliokaa Oyster Bay kwa muda. Hao ndio waliomwonyesha sikukuu yao ambayo wenyewe huiita Halowini, na yeye akaiita Sikukuu ya Mashuka. Alitusimulia mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi. Anasema alikuwa anapiga pasi nyuma ya nyumba, jioni jioni, mara watoto wa bwana wakamtokea wamejifunika mashuka meupe yenye matundu mawili ya macho, wanalia huuu, huuu. Bwana Karanga alitimua mbio na pasi ya mkaa mkononi, akaruka ua, akafika mpaka barabarani. Kilichomuuma si kukimbia. Kilichomuuma ni kwamba mashuka yale alikuwa ameyafua na kuyapiga pasi yeye mwenyewe siku ileile, na kesho yake akaulizwa nani ameyatoboa.

Kwa hiyo Baniani alipokuwa akimpatia kitabu cha mambo hayo, alirudi nyumbani mbio. Wakati wake ulikuwa baada ya alasiri, kabla watu hawajaanza kukoka moto wa chakula cha jioni. Alipiga kofi moja tu ukumbini na sisi tulitoka vyumbani kama kuku waliomwagiwa mtama. Kitabu alikishika juu, akitembea nacho kutoka mlango wa mbele mpaka uani na kurudi, na sisi tulimfuata tukirukaruka ili tuone. Ndivyo nilivyosoma vitabu vyangu vya kwanza, kwa miguu.

Kiingereza chake kilikuwa cha sabuni na wanga, hakikumfikisha kwenye hadithi. Alisoma picha. Paka mweusi juu ya paa alikuwa paka wa muuza samaki wa sokoni. Nyumba yenye utando wa buibui ilikuwa nyumba ya mtu fulani wa mtaa wa Gerezani anayedaiwa kodi. Mchawi aliyepanda ufagio ndiye aliyetutesa zaidi, maana fagio zetu ni za chelewa za mnazi, fupi, hazina mpini, na hatukuona mtu mzima atakaa vipi juu ya kitu kile.

"Wachawi wetu wanapanda ungo," Shabani alisema. "Wa Wazungu wanapanda ufagio kwa nini?"

"Kila mtu na usafiri wake," Bwana Karanga akajibu. "Ungo una nafasi, unaweza kubeba na mzigo. Ufagio ni wa mtu mmoja, lakini una mwendo."

Tulibishana juu ya jambo hilo wiki nzima, na watoto wa nyumba ya pili wakaingia upande wa ufagio ili kutuudhi tu.

Lakini si kwamba alitutisha akatuacha hivyo. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufungua ukurasa alituuliza, "Nani anaogopa?" Anayeogopa alisogezwa mbele, si nyuma, na mkono wake ukawekwa juu ya jalada. Ikiwa picha imemshinda, anakifunga kitabu yeye mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kumcheka. "Funga," alisema. "Kitabu hakina mikono, hakiwezi kujifungua." Shabani alikifunga kitabu mara nyingi kuliko sisi sote, na kila alipokifunga alikuwa na uso wa mtu aliyemfungia mwizi chooni. Kisha ukurasa uliomshinda ulichanwa mbele yake, ukakunjwa, ukajazwa karanga, na jioni hiyohiyo shetani yule alikuwa njiani kuelekea bandarini mkononi mwa kuli.

Kurasa hizo zilileta vituko mjini. Kuli mmoja alirudi amekasirika, akadai amemaliza karanga zake akakuta fuvu la mtu linamchekea. Bwana Karanga alimwongezea karanga kidogo na kumwambia fuvu ni la bure. Kisa kikubwa kilikuwa cha maboga. Wamarekani hao, siku ya sikukuu yao, hukomba boga, hulitoboa macho na meno, na kutia mshumaa ndani. Ukurasa wenye maboga kama hayo, yamepangwa ngazini yanawaka, ulimfikia mama mmoja wa Ilala. Wakati ule Dar es Salaam nzima ilikuwa roho juu kwa ajili ya mumiani, wale watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Mama yule akaona ameshika ushahidi: hivi hapa vichwa, vimekaushwa kwa moto. Akaja na ndugu zake wenye fimbo.

Bwana Karanga aliapa ni maboga. Hawakusadiki. Aliyemwokoa ni Bibi, aliyetoka chumbani, akaichukua karatasi, akaitazama kwa jicho moja.

"Hili ni boga," alisema. "Kikonyo hiki hapa. Kichwa chako wewe kina kikonyo?" Kisha akageuka kwa Bwana Karanga. "Na nyama yake wanaipeleka wapi?"

"Wanatupa, Bibi."

"Wanatupa! Boga zima! Wala nazi hawalitii?"

Wale wenye fimbo wakaondoka wakinong'ona juu ya ubadhirifu wa Wamarekani, na Bibi alikasirika mpaka usiku, si kwa sababu ya mumiani.

Nisije nikafanya ionekane Bibi na Bwana Karanga walikuwa marafiki. Bibi alikuwa na kesi naye, kesi moja, ya siku zote: mtu huyu hazikani na watu. Akifa mtu mtaani, wanaume wote hufunga kazi, husimama msikitini, hubeba jeneza kwa zamu mpaka makaburini. Bwana Karanga siku hiyo ana tumbo. Au mguu. Au ana mchanga motoni hauwezi kuachwa. Hakuwa mchoyo, karanga za matanga alitoa yeye, na kuni alichanja yeye, na maji alichota kuliko vijana. Ila likitajwa jeneza tu, unamkosa. Mtu yuleyule aliyeturushia mifupa na mashetani usoni kila alasiri hakuwahi kusimama penye kaburi hata mara moja. Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Wazee walimsema waziwazi barazani, naye akapita katikati yao akiita, "Karanga, karanga moto!"

"Asiyezika wenzake," Bibi alimwambia mama, bila kupunguza sauti, "atazikwa na nani? Atakuja Baniani na mizani yake?"

Basi tukafika siku ya mashuka yetu. Wazo lilikuwa la watoto wote, hata sitaki kumtafuta aliyeanza. Tulikuwa tumeona katika kitabu watoto wa Kizungu wamejifunika nyeupe, wanabisha hodi nyumba kwa nyumba wakidai peremende, na wenye nyumba wanatoa. Peremende za bure! Tukatoa mashuka kwenye kamba, tukajitanda kuanzia kichwani, tukajipaka unga usoni kwa kuwa hatukuthubutu kutoboa matundu, tukaanza safari. Hodi ya kwanza tulipiga nyumba ya jirani, ambapo mwanamke alikuwa amejifungua siku ileile.

Sijasikia tena ukelele ule. Huko Oyster Bay nguo nyeupe juu ya mtoto ni mchezo. Mtaa wa Mchikichi ni sanda. Mlangoni kwa mzazi, juu ya kichanga ambacho hakijapewa jina, walikuwa wamesimama maiti sita wadogo wenye uso wa unga. Wanawake walitoka na mwiko, na fagio, na maji. Mwenye nyumba akasoma kila dua aliyoijua. Tulivuliwa, tukaogeshwa, tukafukizwa ubani, na mama alitupiga kwa zamu.

Bibi hakutupiga. Alikwenda moja kwa moja uani, akasimama mbele ya Bwana Karanga. Kwa mara ya kwanza miguu ya yule bwana haikucheza.

"Wewe," Bibi alisema. "Wewe usiyemzika mtu, ndiye unayewavalisha wajukuu zangu sanda?"

"Bibi, ni mchezo wa—"

"Najua ni mchezo. Kwako wewe kila kitu ni mchezo, kikiwa cha kweli unakimbia. Sasa sikiliza. Jeneza la kwanza litakalotoka mtaa huu, nikuone nyuma yake mpaka kaburini, na udongo utie kwa mkono wako. Usipofika, katafute chumba Buguruni, kule kwenye minazi, ukaishi na popo."

Mtaa mzima ulisikia. Wiki ile vitabu vyake vyote vilichanwa kwa mkupuo, na Kariakoo ikala karanga zilizofungwa kwa mashetani ambao hatukupata kuwaona. Alasiri zilikuwa ndefu. Tulikaa ukumbini tukitazamana, na yeye akipita na sinia lake kichwani. Akisikia tu kwamba mzee fulani ana homa, anasimama njiani, anauliza, "Homa ya namna gani?" Alikuwa akiwahesabu wagonjwa wa mtaa kwa hofu, na kuwapelekea uji wa karanga ili wapone. Watu walipona. Mvua zikaja, na aliyeugua safari hii ni Bibi.

Nilimwona siku zile akizunguka uani tangu alfajiri. Nikitoka kupiga mswaki ananiuliza, "Bibi ameamkaje?" Nikimwambia hajambo kidogo, anapumua. Alimtwangia karanga za kutia kwenye mchicha, akazileta mlangoni, akaondoka kabla hazijapokelewa. Alikuwa anamwombea Bibi uhai kwa dhati kabisa, na alikuwa anajiombea yeye, na sidhani kama angeweza kutenganisha dua hizo mbili. Mimi nilimpenda wakati ule kuliko nilivyompenda akiwa na kitabu.

Bibi alifariki asubuhi. Alipokwisha kuoshwa na kukafiniwa kwa sanda, tuliitwa watoto tumuone uso kwa mara ya mwisho. Shabani alikuwa mbele yangu. Aliona lile tambaa jeupe limemzunguka Bibi kichwani, akarudi nyuma, akanikanyaga, akapiga kelele, "Bibi amekuwa shuka! Bibi amekuwa yule!" Akachomoka, akaingia uvunguni mwa kitanda cha baba, akashikilia mguu wa kitanda, na hakuna aliyeweza kumtoa. Alilia kilio ambacho mtu akikisikia anakosa adabu zake. Wanaume wanaosubiri nje wakainamisha vichwa.

Na nje alikuwapo Bwana Karanga. Amevaa kanzu ya kuazima, fupi, na kijasho chembamba kinamtoka. Jeneza lilipotoka alitia bega, mbele kabisa, kushoto. Watu walikonyezana. Nilikuwa dirishani na mama, kwa kuwa wanawake hatuendi makaburini, na niliwaona wanakwenda, shahada zinapanda, na kanzu ile fupi katikati yao. Wakafika kona. Nyuma yangu Shabani bado analia, sauti inatoka mpaka barabarani. Pale konani nikaona Bwana Karanga ameachia bega lake kwa mwingine. Akasimama. Watu wakampita pande zote mbili. Kisha akageuka, akarudi mbio amekunja kanzu mikononi.

Je, alirudi kwa ajili ya hofu au kwa ajili ya mtoto? Mtaa ulibishana juu ya hilo kwa miaka. Mimi nasema yote mawili, na anayetaka achague moja hakumjua.

Alinipita bila kusalimu mtu, akalala chini, akajisukuma uvunguni mpaka zikabaki nyayo zake tu nje. Nikachuchumaa nisikilize.

"Sogea," alimwambia Shabani. "Hapa pembamba."

"Bibi atakuja kututisha?"

"Bibi yako alikuwa anatutisha alipokuwa mzima. Sasa amechoka, amepumzika."

"Mbona wamemvalisha lile shuka?"

"Si lile. Lile la kitabuni ni la mchezo, watoto wamo ndani wanacheka. Hili la Bibi ni nguo yake ya kulalia. Nyeupe kwa sababu ni safi. Nimewaonyesha vibaya. Nilitakiwa nianze na hili."

Shabani akasogea kidogo. "Wewe umeona anakolazwa?"

"Sijaona."

"Kwa nini?"

"Naogopa," alisema Bwana Karanga. "Nimefika kona, miguu ikakataa. Tangu zamani inakataa, sijui kwa nini. Nishike mkono."

Hapakuwa na kitabu cha kufunga safari hii. Walikaa humo mpaka wanaume wakarudi. Baba aliingia na udongo miguuni, akaona nyayo mbili za mtu mzima zimechomoza chini ya kitanda chake, na akasimama hapo. Wazee wawili waliokuja nyuma yake wakaanza: hakufika, alisema atafika hakufika, marehemu alikwisha kutoa neno lake.

"Nyumba sasa ni yangu," baba alisema. "Huyu haondoki."

Aliondoka mwenyewe, kabla ya arobaini. Baba alimbembeleza, mama alimbembeleza, Shabani alimfichia mwiko wake wa kukaangia. "Sikufika," alisema tu. "Bibi alisema kaburini. Mimi nilifika kona." Akajitwika kikaango na gunia la karatasi, akaaga akiwa ameshaanza kutembea, akaelekea Buguruni.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, wakati kila baraza lilikuwa halina habari nyingine ila ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa Ilala, nina watoto wawili wa kiume wanaofuatana. Nilikuwa sokoni nachagua nyanya, nikasikia, "Karanga, karanga moto!" Alikuwa amekonda, kifua kinakoroma, lakini bado anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Karanga." Akaitikia marahaba akiwa anatazama watoto wangu, si mimi. Mara akachomoa ndani ya shati kipande cha kitabu, akamsogeza yule mkubwa mbele na kuuweka mkono wake juu ya kitabu hicho. Kilikuwa na popo wekundu.

"Na Shabani?" aliniuliza wakati watoto wanatazama.

"Shabani mkubwa sasa. Jirani yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeingia kaburini kupokea maiti. Haogopi hata kidogo."

Alicheka, kisha akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Akaniuliza bila kuzunguka, "Binti yangu, mimi nani atakuja kwangu?"

Nilimwambia, "Tutakuja."

"Wewe mwanamke."

"Shabani atakuja. Mume wangu atakuja, ni mtu mwema, hutoka kwa kila maiti. Na wanangu hawa wawili."

Akahesabu kwa vidole, akaona wanatimia wanne wa kubeba jeneza. Akawatazama wanangu, akawasogeza wasimame wima, akapima kwa kiganja vichwa vyao vilipofika kwenye mapaja yake.

"Hawa bado wafupi," alisema. "Jeneza litalala upande mmoja, nitaanguka. Basi sifi kwanza. Ngoja wakue."

Akawajazia karanga, karatasi moja kila mtoto, akajitwika sinia na kuvuka barabara, anaita wateja.